Namna ya kusoma bango la kampeni

Nachapa mabango hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa hiyo nayaona yakiwa bado kwenye kompyuta. Ukikutana nalo barabarani, kwanza ziba maneno kwa kiganja, utazame picha peke yake. Macho ya mgombea yanaelekea wapi? Akikutazama wewe, anaomba umwamini; akitazama juu pembeni, anauza kesho. Kamera ikishushwa chini, hata mfupi anarefuka (hiyo huombwa sana). Na nyuma yake kuna nini: mashamba ya chai ya Rungwe, au mama wa sokoni aliyeitwa kupigwa picha?

Sasa ziba picha, soma maneno. "Hapa Kazi Tu" ya CCM mwaka 2015 haikutaja kazi gani wala ya nani. Kila msikilizaji alijazia yake. Halafu Magufuli akapiga pushapu jukwaani, kaulimbiu ikapata mwili. "Mabadiliko" ya Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani mwaka huo, nayo iliachwa wazi vilevile.

Rangi zisikuchukulie muda, kijani na njano za CCM unazijua tangu utoto. Tafuta herufi ndogo kabisa. Ahadi yenye kiasi na tarehe, kama ipo, hubanwa huko. Mara nyingi haipo, na wateja wangu hawapendi niulize.