Intaneti ya nyumbani: mambo ya kumaliza kabla hujawasha

Mtu akinunua kompyuta ya nyumbani, awe Kampala, Jinja au kule Busia mpakani, huanza kwa kuuliza kampuni gani ina mtandao wa kasi. Swali zuri, ila si la kuanza nalo. Nimewaunganishia jamaa na majirani wa kutosha kujua kwamba kasi siyo inayowashinda. Wanashindwa na maswali yanayozuka wakati hakuna mtu karibu wa kuyajibu: nenosiri lipi, laini ya nani, mbona bando limekwisha, ile taa nyekundu ni ya nini. Aliyekwisha kuyajibu kabla ya kuwasha ataitumia intaneti yake. Mwingine, baada ya mwezi, kompyuta itakuwa imefunikwa kitambaa cha kufumwa pale sebuleni na juu yake imewekwa picha ya harusi.

Walioingia intaneti kwa kupiga simu, miaka ya tisini, wanayajua haya kuliko sisi. Kompyuta ilipita kwenye waya wa simu ya mezani. Modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na waya huo, inapiga nambari ya kampuni, inalia milio yake, na muda wote ambao umo ndani hakuna mtu nyumbani anayeweza kupiga simu wala kupokea. Mwenye Windows 3.1 hakukuta ndani ya mashine yake programu ya kuongea na intaneti. Ilibidi aitafute kwingine, na iliyotumika sana ilikuwa Trumpet Winsock ya Peter Tattam, kutoka Tasmania huko Australia. Akishaipata anaanza kujaza kwa mkono: anwani za nambari zenye nukta nukta, jina la seva, kasi ya modemu, na tundu ambalo modemu imechomekwa. Ukikosea nambari moja huendi popote, na mashine haikwambii ni ipi.

Waliowarahisishia watu wa kawaida ni wale waliokubali kuyajaza hayo yote mapema kwa niaba yao. AOL, kampuni ya kuuza intaneti, ilisambaza diski kwa mamilioni katika nyumba za Marekani: unaitia, unachagua nambari ya simu ya karibu nawe, unaandika jina na jinsi utakavyolipa, umeingia. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ilikuja na uwezo wa kupiga simu ya intaneti ndani yake. Windows 98 ikaongeza programu msaidizi ya kukuuliza swali moja moja mpaka mwisho, na iMac, kompyuta ya Apple ya 1998, ikaja na modemu yake tumboni. Mwendo ulikuwa bado wa kobe. Hata modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, laini ikiwa safi kabisa, ilichukua zaidi ya dakika mbili kuteremsha megabaiti moja. Watu waliingia hivyo hivyo, tena kwa wingi.

Uganda njia ilikuwa nyingine. Jina la nchi mtandaoni, .ug, lilisajiliwa 1995, lakini intaneti ya kupiga simu hutaka simu ya waya, na simu za waya hapa miaka ile hazikufika hata moja kwa kila watu mia. Waliokuwa nayo nyumbani ni wachache sana. Wengine walilipia dakika kwenye kafe za Kampala. Simu za mkononi zikaja, na karne haijaisha zikawa zimezipita za waya. Kwa hiyo nyumba zetu nyingi zimeingia intaneti kwa laini ya simu, zikaruka modemu, na zikaruka pia yale mazoea ya kujiandaa ambayo modemu ilimlazimisha mtu ayajue.

Tuanze na laini. Enzi za modemu, kabla ya lolote uliinua mkono wa simu ukasikiliza kama kuna mlio. Na hata mlio ukiwepo, modemu iliyozoea mlio wa Marekani iliweza kuusikia wa nchi nyingine ikaukataa, ikaandika kwamba hakuna mlio. Dawa yake ilikuwa kuondoa alama ya tiki mahali palipoiambia modemu isubiri mlio kabla ya kupiga. Tiki moja tu, lakini mtu angeweza kurudisha modemu dukani kwa sababu yake. Leo mlio huo ni mawimbi ya mtandao, nayo yapimwe pale pale kompyuta itakapokaa, si nje barazani. Bati na kuta nene za matofali hupunguza mawimbi. Chumba cha nyuma kinaweza kuwa kaburi wakati dirisha la mbele linapata vizuri. Azima laini za kampuni mbili tatu kwa majirani, kaa kwenye kiti chenyewe, ujaribu asubuhi, kisha ujaribu tena saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni. Jibu la usiku ndilo la kufuata. Ukinunua ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao nyumbani, iweke karibu na dirisha hilo, si nyuma ya televisheni kwa sababu panapendeza. Ruta nyingi hutoa Wi-Fi za aina mbili: ya gigahetzi 2.4 hufika mbali na kupenya ukuta, ya gigahetzi 5 ni ya kasi lakini huishiwa nguvu upesi. Nyumba ya vyumba vitatu ya matofali, anza na ile ya kwanza.

Halafu, laini hiyo ni ya nani? Usajili hapa ni kwa kitambulisho cha taifa, na siku laini ikipotea au ikiharibika, anayetakiwa dukani ni yule aliyesajiliwa. Watu husahau hili kabisa. Laini ya ruta inasajiliwa kwa jina la mpwa aliyekuwa karibu siku hiyo, mpwa anakwenda Dubai kutafuta kazi, na nyumba nzima inakaa bila mtandao ikimngoja arudi likizo. Isajiliwe kwa jina la mtu anayelala humo ndani.

Sasa pesa, na hapa ndipo pa kukaa. Intaneti ya kupiga simu ilihesabiwa kwa dakika, na kwa aliyekuwa nje ya mji wenye nambari ya kuingilia, zilikuwa dakika za simu ya mbali. Mtu aliandika barua pepe zake zote akiwa hajaunganishwa, akapiga, akazituma, akapokea zake, akakata. Desemba 1996 AOL ilipoanza kutoza dola 19.95 kwa mwezi bila kuhesabu saa, wateja walikaa ndani bila kutoka hadi wengine wakawa wanapiga na kukuta laini zina shughuli. Uingereza, mwaka 1998, kampuni ya intaneti ya Freeserve ilifuta ada ya mwezi ikaacha mteja alipie simu tu, na watu wakamiminika. Unaona kwamba kilichobadilisha tabia ya watu ni namna ya kuhesabu. Kabla hujachagua bando, jiulize basi unahesabiwa kwa nini: kwa siku, kwa mwezi, au kwa kila megabaiti? Bando la saa 24 linalonunuliwa saa nne usiku litamaliza saa nyingi za uhai wake mwenyewe akiwa amelala. Na kodi usiihesabu mara mbili. Ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, iliyoanza Julai 2018, iliondolewa 2021 ikawekwa ya asilimia 12 kwenye data yenyewe, kwa hiyo imo tayari ndani ya bei ya bando.

Kubwa zaidi ni kile kinachokula bila wewe kujua. Hajati mmoja wa Bombo alinipigia simu kabla ya adhuhuri.

"Mwanangu, hawa watu wameniibia. Nimetia bando asubuhi, sijafungua hata gazeti, limekwisha."

"Pole, Hajati. Kompyuta uliiwasha?"

"Niliiwasha ikae tayari."

Ilikaa tayari kweli. Ilipoona mtandao ilianza kuteremsha masahihisho ya Windows ambayo hayakuwa yameingia kwa miezi, na masahihisho ya namna hiyo yanaweza kufika gigabaiti kadhaa. Hakuna mwizi, ila kompyuta imetengenezwa kwa watu wasiohesabu. Dawa ni ya dakika moja na ifanywe kabla ya bando la kwanza: fungua mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la mtandao wako, shuka mpaka mahali pa kuiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo ("metered connection"), washa. Alama hiyo hukaa kwenye mtandao ule ule peke yake. Ukibadili ruta, au siku ukitumia mtandao wa simu ya mwanao, uiwashe tena. Zima pia uhifadhi wa picha unaopandisha kila kitu mtandaoni, na video zinazojicheza zenyewe. Video ya ubora wa juu inaweza kumaliza gigabaiti tatu kwa saa moja. Masahihisho usiyafute moja kwa moja, maana ndiyo kinga yako. Yatengee bando lake, mara moja kwa mwezi, usiku kama kampuni yako inauza la usiku kwa bei nafuu.

Kompyuta yenyewe nayo ikaguliwe kabla ya kulipiwa, hasa hizi za mtumba za mjini. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena masahihisho ya usalama kwa utaratibu wa kawaida, na Windows 11 huzikataa rasmi mashine nyingi za zamani. (Wiki mbili kabla ya hapo, tarehe 30 Septemba, AOL ilizima intaneti yake ya kupiga simu. Wengi walishangaa kusikia kwamba ilikuwa bado ipo.) Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, uone ni Windows gani, uone Wi-Fi yake inashika. Akikwambia "hiyo utaiweka mwenyewe nyumbani", mwachie. Mashine ya zamani yenye hali nzuri yaweza kuwekewa Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ila uwe na mtu wa kukusaidia anayeishi karibu.

Umeme nitaupitia haraka. Modemu nyingi zilikufa kwa radi iliyopita kwenye waya wa simu, na sisi wa pembezoni mwa ziwa Nyanza tunaijua radi. Kukiwa na wingu la mvua chomoa kutoka ukutani, kuzima swichi hakutoshi. Stabilaiza kwa kompyuta ya mezani. Ruta haili umeme mwingi, betri ndogo ya akiba huishikilia kwa saa kadhaa, na vipimo vya Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, vikiisha usiku utaishukuru.

Jambo ambalo mafundi wenzangu hawapendi niliseme ni la akaunti. Mzee anapofunguliwa barua pepe, fundi mwenye haraka huweka nambari yake mwenyewe ya simu kwa ajili ya uthibitisho, anabuni nenosiri kichwani, anaondoka. Miezi sita baadaye kompyuta inauliza nenosiri, ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwa fundi, naye amebadilisha laini. Akaunti ifunguliwe kwa nambari ya mwenye nyumba, mwenye nyumba akiwa ameketi hapo, vidole vyake ndivyo viandike. Kisha nenosiri liandikwe kwenye daftari kwa herufi za kusomeka na daftari likae kabatini pamoja na hati za kiwanja. Watu wa usalama wa kompyuta watapiga kelele. Lakini kwa mtu wa miaka sabini anayeishi na wajukuu, daftari kabatini lina hatari ndogo kuliko nenosiri analolijua mtu mwingine peke yake. Fanya hivyo hivyo kwa nenosiri la Wi-Fi, na lile lililobandikwa chini ya ruta kutoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza.

Matapeli waliwahi tangu zamani. Mwaka 1997 kulikuwa na tovuti zilizowapa watu programu ya kutazamia picha za bure. Programu ilizima sauti ya modemu ili mtu asisikie kitu, ikakata simu ya kawaida, ikapiga nyingine hadi Moldova, na bili ikaja kwa viwango vya simu za kimataifa. Serikali ya Marekani iliwapeleka mahakamani waliohusika. Mtego wa leo kwetu huja kwa simu ya mtu mpole anayejitambulisha kuwa wa kampuni ya mtandao, anayekwambia laini yako itafungwa usipompa namba ya siri ya pesa za simu. Kabla hujawasha, waketishe wote wa nyumbani, mtoto wa kazi naye awepo, mkubaliane kwamba namba ya siri haitajwi kwa yeyote. Na kama inawezekana, laini ya ruta isiwe ile yenye pesa za biashara.

Mwisho, andaa siku ambayo mtandao hautakuwepo. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa za uchaguzi, na wenye duka waliokuwa na nambari za wateja, oda na picha za risiti mtandaoni tu walikaa wakitazama skrini. Nambari za simu muhimu ziandikwe kwenye lile lile daftari. Nakala za vyeti na hati za kiwanja ziwe ndani ya kompyuta na kwenye flashi moja ya pembeni, na noti kidogo za taslimu ziwepo nyumbani.