Jinsi ya kucheza Stargunner ya mwaka 1996 kwenye kompyuta ya leo

Stargunner ni mchezo wa vita vya angani ambao mandhari yake hupita kando, huku chombo chako kikielekea kulia na maadui wakikujia kwa makundi. Kampuni ya Apogee ya Marekani iliutoa mwaka 1996 kwa kompyuta za DOS, mfumo wa zamani uliotangulia Windows, na kati ya ngazi moja na nyingine iliweka duka ambamo mchezaji hununua silaha kwa fedha alizokusanya vitani. Ulitoka wakati mbaya. Mwaka huohuo, kwa jina lake la pili la 3D Realms, kampuni hiyo ilikuwa imetoa mchezo wa 3D wa Duke Nukem 3D mwezi Januari, Quake ya kampuni ya id Software ikafuata mwezi Juni, na wachezaji wakaanza kuiona michezo ya aina hii kuwa ya kizamani. Mwaka 2005 wenye mchezo waliutoa bure, kwa hiyo hakuna haja ya kuutafuta kwa njia za kichochoro.

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia rafiki aliyekuwa amekwisha kuuhukumu mchezo huu kuwa ni mbovu, kwa sababu sauti ilikuwa ikimkatikia na chombo kikirukaruka. Kilichokuwa na kasoro ni mipangilio tu.

Hatua ya 1: Pata mchezo na DOSBox

Duka la mtandaoni la GOG linautoa bila malipo, ukiwa umefungashwa pamoja na DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Mimi hupendelea kupakua DOSBox 0.74-3 peke yake na kuweka mafaili ya mchezo katika folda ninayoichagua mwenyewe, kwa sababu folda hiyohiyo itafanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux.

Hatua ya 2: Tengeneza faili la mipangilio la mchezo huu pekee

Usiliguse faili la mipangilio la jumla. Linakili, uliite stargun.conf, kisha uanzishe DOSBox kwa amri `dosbox -conf stargun.conf`. Mwishoni mwa faili hilo, chini ya `[autoexec]`, andika `mount c` ikifuatiwa na anwani ya folda yako, na mstari unaofuata uandike `c:`.

Hatua ya 3: Picha

Michezo mingi ya DOS ilichorwa kwa nukta 320 kwa 200, lakini ikaonyeshwa kwenye skrini zenye uwiano wa 4 kwa 3, ndiyo maana kwenye skrini za leo huonekana imebanwa kwa juu. Weka `aspect=true`, `output=openglnb` na `windowresolution=1280x960`. Watu wengi hupenda vichujio vya kulainisha picha; kwa maoni yangu vinaifanya risasi ndogo ipotee ndani ya mlipuko, na katika mchezo wa aina hii risasi usiyoiona ndiyo inayokuua.

Hatua ya 4: Kasi na sauti

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tusiharakishe. DOSBox hupima kasi kwa mizunguko, yaani idadi ya maagizo inayotekeleza kwa kila milisekunde. Mpangilio wa kawaida, `cycles=auto`, huweza kuuachia mchezo utumie nguvu zote za prosesa. Kwenye kompyuta ya mezani huenda usione tatizo, lakini kompyuta ya mapajani hupata joto, hujipunguzia kasi ili ipoe, na mwendo wa mchezo huanza kuyumba ukiwa katikati ya mapambano. Mimi huandika `cycles=fixed 30000`, kiwango kinachokaribia mashine ya 486 yenye megahezi 66, kisha napanda kutoka hapo.

Usipime katika sekunde za mwanzo, wakati skrini iko tupu. Subiri hadi maadui wajae na milipuko ifuatane. Picha zikikokota, bonyeza Ctrl pamoja na F12, nayo mizunguko itaongezeka kwa asilimia 10. Ctrl pamoja na F11 huipunguza. Kwenye kompyuta nyingi za mapajani ni lazima ushikilie Fn pia, la sivyo utakuwa unapandisha sauti au mwanga wa skrini huku ukidhani kwamba DOSBox haikusikii.

Kinachowachanganya watu ni kwamba sauti inayokatika inaweza kuwa na sababu mbili zinazopingana. Mizunguko ikiwa michache, mchezo wenyewe hauwahi kuandaa sauti kwa wakati. Ikiwa mingi kupita kiasi, kompyuta yako halisi ndiyo inayoshindwa kuwahi. Masikio hayawezi kutofautisha hali hizi mbili. Fungua orodha ya kazi za mfumo wako utazame prosesa: ikiwa kiini kimoja kimejaa kabisa, punguza, ikiwa prosesa inapumua, ongeza. Nambari ukiisharidhika nayo, isome kwenye kichwa cha dirisha na uiandike katika faili la mipangilio, kwa maana mabadiliko yanayofanywa kwa vitufe hayahifadhiwi.

Sauti ikiendelea kukwaruza hata baada ya hapo, pandisha `prebuffer`, yaani akiba ya sauti inayoandaliwa mapema, hadi 50. Usikimbilie kuongeza `blocksize`, yaani ukubwa wa vipande vya sauti, kwa kuwa utasikia mlio wa risasi baada ya adui kulipuka. `frameskip`, yaani idadi ya picha zinazorukwa, ibaki sifuri daima.

Katika programu ya kupanga sauti iliyokuja na mchezo, chagua kadi ya sauti ya Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7, DMA 1. Michezo mingi ya zamani hupendekeza IRQ 5, ambayo siyo chaguo la kawaida la DOSBox. Gravis Ultrasound, kadi nyingine ya sauti, iache, kwa sababu DOSBox huizima isipokuwa uiwashe mwenyewe.

Hatua ya 5: Vitufe

Tumia kibodi. Hata hivyo, kibodi nyingi za bei nafuu hushindwa kusoma mishale miwili na kitufe cha kufyatulia kwa pamoja, na kwenye Mac, Ctrl pamoja na mshale huhamisha eneo la kazi. Bonyeza Ctrl pamoja na F1 ili ufungue ramani ya vitufe, hamishia ufyatuaji kwenye herufi iliyo mbali na mishale, kisha ubofye Save kabla ya kutoka.