Somo: Clave, kutoka son ya Cuba hadi rumba ya Kongo

Wengi mnalalamika kwamba gitaa la rumba mnaliweza vizuri mkiwa chumbani, ila bendi ikianza mnapotea. Kabla ya gitaa, tufundishe mikono. Clave ni vijiti viwili vya mbao ngumu, na ni jina pia la mapigo matano vinayopiga. Son, muziki wa mashambani wa mashariki ya Cuba, ambamo gitaa la Kihispania lilikutana na ngoma za Waafrika, umening'inia kwenye mapigo hayo.

Hatua ya 1. Kaa, gonga mguu mara nne nne, polepole.

Hatua ya 2. Kila mguu mmoja, tamka "ta-ka-ti-ki". Miguu minne, silabi 16. Ukishindwa kutamka, umeenda mbio.

Hatua ya 3. Piga kofi penye herufi kubwa:

TA-ka-ti-KI, ta-ka-TI-ki,
ta-ka-TI-ki, TA-ka-ti-ki.

Makofi matatu, kisha mawili. Sasa angalia mguu wako: ni kofi la kwanza na la mwisho tu yanayokutana nao. Yale matatu ya katikati yanaangukia pembeni, na utamu wote uko hapo. Rudia hadi uweze kuongea na mtu bila kupotea. Mimi nilifanyia mazoezi kwenye ndoo, majirani wakavumilia.

Hatua ya 4. Tafuta "El Manisero" ya orkestra ya Don Azpiazú, iliyorekodiwa 1930. Usipige kofi kwanza. Sikiliza, kisha ingia.

Hatua ya 5. Hamia rumba ya Kongo ya miaka ya 1950, mfano African Jazz ya Grand Kallé. Fuata vijiti na maraka (vibuyu vya kutikisa), achana na gitaa. Sebene (sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala na watu hucheza) ikiingia, mikono isiyumbe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, kofi la pili linanigomea.
Unalipiga pamoja na mguu. Linatakiwa liutangulie mguu wa pili kwa silabi moja. Tamka "KI-ta" tu, mara ishirini: kofi, mguu.

Kuna nyimbo nikipiga hivi naona kama nagombana nazo.
Huenda wimbo umeanza na upande wa mawili. Geuza: mawili kwanza, kisha matatu. Ukishaanza usibadilishe njiani.

Kwa hiyo rumba ya Cuba na ya Kongo ni kitu kimoja?
Hapana, ndugu. Rumba yenyewe ya Cuba ni ngoma na sauti, haina gitaa. Santuri za GV (mfululizo wa kampuni ya HMV) zilizofika Kongo kuanzia miaka ya 1930 zilikuwa na son nyingi, ila lebo ziliandikwa rumba. Jina likabaki. UNESCO nayo imeziorodhesha mbalimbali: ya Cuba 2016, ya Kongo 2021.

Mwalimu, nimeona picha ya Mcuba amekalia sanduku lenye vyuma anavidonoa. Si ilimba ya Wagogo hiyo?
Inaitwa marímbula. Ni ya ukoo wa ilimba, likembe na mbira, ila imekuzwa ili itoe besi. Vikundi vya son viliitumia kabla ya kuhamia besi kubwa ya nyuzi. Ukiwa na ilimba nyumbani, jaribu kupiga clave kwa kidole gumba kimoja kwenye chuma kirefu kuliko vyote.