Jinsi ya kuangalia katuni bubu za zamani bila kuboreka

Watu wengi wakijaribu hizi katuni wanaacha dakika ya kwanza tu, oh mbona haina stori, oh mbona picha inachezacheza. Zinaangaliwa vibaya, ndo shida.

Kwanza zima sauti. Kopi nyingi za mtandaoni zimebandikwa piano yoyote tu, haihusiani kabisa na kinachotokea. Najua enzi zile kwenye sinema kulikuwa na mpiga piano laivu, sawa, ila yule alikuwa anapiga huku anaangalia pazia la sinema bana.

Halafu cheki spidi. Ukiona kila mtu anakimbia kama kakanyaga makaa, jua kopi inaenda mbio kuliko ilivyotakiwa, maana filamu nyingi za wakati ule zilikuwa picha 16 mpaka 18 hivi kwa sekunde, siku hizi ni 24. Shusha hadi 0.75 uone zinavyotulia.

Anza na Fantasmagorie ya Mfaransa Émile Cohl, 1908, haifiki hata dakika mbili, michoro kama 700. We usitafute stori humo, fuata mstari. Chupa inageuka ua, kijamaa kinaporomoka kinakatika, mkono wa mchoraji mwenyewe unaingia kukigundisha. Kilichorwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe wakageuza negativu, yaani nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, ndo maana kinaonekana kama chaki ubaoni.

Ukishaizoea nenda kwa Gertie, yule dinosa wa Winsor McCay, 1914. Ruka ile sehemu ya mwanzo ya watu kuwekeana dau, inachosha, wewe nenda mpaka dinosa anapochungulia pangoni. Angalia mara ya kwanza kwa ajili yake, anavyokaripiwa akalia kama mtoto, anavyokunywa ziwa zima likakauka. Kisha rudia ila sasa mwache Gertie, kodolea macho mawe na mstari wa milima nyuma yake, utaona vinatetemeka. Sio kopi mbovu! Hawakuwa wanatumia zile karatasi za plastiki za kuona ng'ambo, kwa hiyo mandhari yote ilichorwa upya kwa mkono kwenye kila karatasi, na karatasi zenyewe kama 10,000, mkono wa binadamu hauwezi kurudia jiwe lilelile mara zote hizo bila kuyumba kidogo. Mimi nikijua hilo ndo nikaacha kulalamika picha kucheza, sasa hivi ndicho ninachokitafuta.

McCay alikuwa anasimama mwenyewe jukwaani na mjeledi, anampa Gertie amri, anajifanya kumrushia tofaa, mnyama anadaka kwenye pazia. Soma maandishi ya katikati, yale yanayotokea kati ya picha yakiwa na maneno yake kwa Gertie, kwa sauti kama wewe ndo bosi wake, jaribu tu, utacheka.

Za paka Felix za miaka ya 1920 weka mwisho. Huyo kila akikwama mwangalie mkia, anauchomoa anaufanya kifaa, na ile alama ya kuuliza inayotokea kichwani akiwaza usiipuuze, mara nyingine anaidaka anaitumia kama ndoano. Hapo mimi huwa narudisha nyuma mara tatu nne.