Mkuu wa shule, ukitaka kuwatunza walimu wako anzia kwenye ratiba

Wakuu wengi wakisikia habari ya kuwajali walimu wanawaza sherehe tu, yani 5 Oktoba Siku ya Walimu Duniani ikifika hotuba inasomwa, picha zinapigwa, halafu kesho yake mtu yuleyule anarudi kwenye vipindi sita mfululizo hana hata nafasi ya kwenda chooni. Sherehe sio mbaya, ila shika ratiba kwanza.

Kaa nayo mezani, pitia jina moja moja. Nani vipindi vyake vimefuatana, nani ana zamu na bado ni mwalimu wa darasa, nani anafundisha lugha. Huyu wa lugha muangalie vizuri, maana insha za wanafunzi 60 akizisahihisha kwa dakika 5 kila moja ni saa 5 nzima na hizo saa hazionekani kwenye ratiba yoyote, anazitoa nyumbani kwake. Mpunguzie zamu wiki ya kusahihisha. Na vile vikao vya kusomeana matangazo, bandika ubaoni yaishe.

Sasa hapa ndo walimu wanakupima: mzazi amekuja amefura. Usimuite mwalimu hapohapo kama mtuhumiwa. Mkaribishe mzazi, msikilize mpaka amalize, andika, halafu mwambie "nimekuelewa mzazi, ngoja niongee na mwalimu kwanza, tutakaa wote watatu". Kamsikilize mwalimu peke yake. Kama kakosea mwambie ukweli, tena bila kuremba, ila mlango ukiwa umefungwa, sio kwenye kikao na wala sio mbele ya wanafunzi. Mwalimu ukishamvunjia heshima mbele ya darasa, darasa hilo atalishikaje tena?

Ukiingia kumwangalia akifundisha mwambie mapema, na ukitoka usimwachie tu "umejitahidi". Taja kitu ulichokiona, mfano pale alipowapa dakika mbili wajadiliane na wale wa nyuma wakachangamka. Meseji za kazi saa nne usiku acha, labda iwe dharura kweli.

Kuhusu uchovu wa kazi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lililielezea kama jambo linalotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, halikuliita ugonjwa, kwahiyo kumwambia mtu "pumzika wikendi" wakati mzigo ni uleule haisaidii kitu. Ukiona mcheshi wa ofisini kanyamaza ghafla, madaftari yanarundikana, mfuate taratibu muulize "nikupunguzie nini wiki hii?" na akikutajia upunguze kweli, la sivyo bora usingeuliza.

Mshahara na kupanda daraja mara nyingi haviko mikononi mwako, sawa, lakini ile barua ya mwalimu ya kuomba ruhusa ya masomo imelala kwenye droo yako tangu mwezi uliopita, hiyo iko mikononi mwako kabisa. Isaini leo.