Kufungua mirathi Malindi: kutoka cheti cha kifo hadi hati ya shamba

Matanga hayajaanuliwa, tayari kuna anayeuliza funguo za nyumba ziko kwa nani. Somo hili ni la waliobaki na makaratasi: mjane, watoto, ndugu. Hatua nyengine nitazipita haraka. Kwenye orodha ya warithi nitakaa, kwa sababu ndipo kesi nyingi huharibikia, na wanaoumia karibu kila mara ni mabinti na wajane.

Kabla ya lolote: usiguse. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinasema anayechukua, kuuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria anafanya kosa. Faini ni hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wapo wanaodhani Waislamu hatumo. Tumo: Sehemu ya Saba ya sheria hiyo, inayohusu usimamizi wa mali, inatugusa pia pale isipopingana na sheria ya Kiislamu.

1. Cheti cha kifo. Kibali cha mazishi si cheti. Kwa kuwa sisi huzika upesi, wengi hurudi makaburini wakaona karatasi zimekwisha. Aliyefia nyumbani, taarifa ipelekwe kwa naibu wa chifu, kisha ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Ikipita miezi sita, utaingia kwenye usajili wa kuchelewa, na huo una mzunguko wake.

2. Barua ya chifu na orodha ya warithi. Chifu wa mahali marehemu alipokuwa akiishi huandika nani wamebaki. Yeye huandika anachoambiwa na familia, kwa hivyo kaeni nyumbani kwanza. Andikeni wake wote, hata yule wa Mambrui ambaye watu hawamtaji. Andikeni mabinti walioolewa mbali, mtoto aliye tumboni, mama na baba wa marehemu kama wako hai. Msimfiche mtu kwa hoja kwamba «yeye ameshapata kwa mumewe». Kifungu cha 76 kinairuhusu mahakama kufuta hati ya usimamizi (idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu) ikithibitika kuna jambo lililofichwa, hata kama mmeshagawana. Hapo mnaanza upya, tena na uadui.

3. Mali na madeni. Shamba, fanyeni upekuzi kwenye usajili wa ardhi mjue jina lililoko kwenye hati ni la nani hasa. Ongezeni akaunti za benki, hisa za sako, NSSF, pesa za simu, mashua na mashine yake, dhahabu. Madeni nayo yaandikwe, pamoja na mahari ambayo mke hakuwahi kulipwa. Hilo ni deni kamili, na ni haki yake kabla hata hajafikiwa fungu lake la urithi.

Nyumba ya waqfu, yaani iliyotolewa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala kurithiwa, isiingizwe. Haikuwa ya marehemu hata kama ameishi humo miaka yote.

4. Mahakama ipi? Warithi wote wakiwa Waislamu na wakikubali, nendeni kwa Kadhi. Mamlaka yake yako katika Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Wasio Waislamu huenda kwa hakimu iwapo thamani ya mali iko ndani ya kiwango chake (Hakimu Mkuu mwisho ni shilingi milioni 20), na ikizidi hapo ni Mahakama Kuu, ambayo Malindi tunayo.

5. Kwa Kadhi. Mnapeleka ombi, cheti cha kifo, barua ya chifu, orodha ya warithi na ya mali, kisha warithi husikizwa. Utaratibu wa kutoa haubadiliki: mazishi, madeni, wasia usiozidi thuluthi, halafu mafungu. Mfano, mwanamume ameacha mke, mwana mmoja na mabinti wawili, wazazi wake wameshatangulia. Mali igawe mafungu 32: mke 4 (ndiyo thumuni, moja ya nane), mwana 14, kila binti 7. Andikeni hesabu hii kwenye karatasi, kila mtu aione kwa macho yake.

6. Kwa hakimu au Mahakama Kuu. Pasipo wasia, ombi ni fomu P&A 80 (P&A ni alama ya fomu za mahakama za mirathi) na kiapo P&A 5. Warithi wenye haki sawa ya kuomba huweka saini zao za kukubali kwenye P&A 38. Penye wasia wa maandishi ni P&A 78. Tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30.

Baadaye hutoka hati ya usimamizi, na hapa nasisitiza: hati hiyo haikupi ruhusa ya kuuza shamba. Ni baada ya miezi sita ndipo msimamizi anaomba ithibitishwe, akionyesha nani atapata nini. Iliyothibitishwa ndiyo ya kupeleka kwa msajili wa ardhi.

Maswali ya wanachama

*Assalaam alaykum maalim. Nyumba yetu hapa Shella imejengwa juu ya ardhi ya mtu, tunalipa kodi ya kiwanja. Inaingia kwenye mirathi?*
Waalaykum salaam. Inaingia kama nyumba bila ardhi. Andikeni hivyo hivyo, na muambatanishe risiti za kodi. Mkiandika kiwanja ni chenu, mwenyewe atakuja kupinga na kesi yote itakwama.

*Shamba la Mambrui bado liko kwa jina la babu. Babu alikufa, kisha baba. Tuanzie kwa nani?*
Kwa babu. Baba yenu alikuwa hai babu alipofariki, kwa hivyo fungu lake lilishamthibitikia na sasa ni lenu. Angalitangulia yeye, ami zenu wangaliwazuia katika faraidhi, yaani mgao wa urithi wa Kiislamu. Tarehe za vyeti viwili hivyo ndizo zitakazoamua, zikagueni vizuri.

*Baba alizaa nje ya ndoa. Ndugu wanasema mtoto huyo hana lake.*
Msimfiche. Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyoanzia Mombasa, iliamua kuwa mtoto hawezi kunyimwa urithi wa baba Mwislamu kwa sababu tu wazazi hawakuoana. Masheikh wengi hawakuridhika na uamuzi huo, nalifahamu hilo. Mtajeni, mahakama iseme.

*Sisi ni Wakristo wa Ganda. Marehemu mume wangu alikuwa na wake wawili. Mwenzangu ana watoto watano, mimi wawili.*
Pole sana dada. Bila wasia, kifungu cha 40 cha Sheria ya Urithi kinahesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mke aliye hai kama mmoja wao. Nyumba yake ni mafungu sita, yako matatu. Na kama wapo watoto wadogo, wasimamizi wawe wawili au zaidi, wasizidi wanne. Omba uwe mmojawapo.

*Kaka yuko Jeddah na hawezi kuja kutia saini.*
Mtumieni fomu ya kukubali. Aitie saini mbele ya afisa wa ubalozi wa Kenya au wakili mthibitishaji wa huko, kisha arudishe nakala halisi. Picha ya WhatsApp haitoshi.