Jinsi ya kuicheka tamthilia ya 24 na washkaji bila kuiharibu

Kwanza kabisa usitafute ukweli humo, utaumwa kichwa bure. 24 ilianza kurushwa Marekani Novemba 2001, msimu mmoja ni siku moja na kila episodi ni lisaa limoja, kwahiyo chukua daftari uandike staring wake, Jack Bauer, kala saa ngapi, kalala saa ngapi, chooni kaenda lini, mwisho wa msimu daftari jeupe pee.

Pili, weka stopwochi kila akipanda gari. Los Angeles ile yenye foleni za kufa mtu, ye anatoka upande mmoja wa jiji mpaka mwingine kabla hata matangazo hayajaisha 😂

Tatu wekeaneni dau la soda, nani msaliti ndani ya CTU, maana lazima awepo, ofisi ya kupambana na magaidi ila usaili wao sijui unafanywaje, msimu wa kwanza tu alikuwa Nina Myers, mtu wa karibu kabisa na Jack.

Sasa mkifika msimu wa pili msiruke zile sehemu za Kim, binti wa Jack, akiwa porini. Bomu la nyuklia linatafutwa mjini, huku binti kanasa mguu kwenye mtego na puma anamkodolea macho, yani hapo simamisha video, mcheke mpaka mtosheke ndo muendelee.

Msimu wa 7 kuna nchi ya Afrika inaitwa Sangala, msiitafute kwenye ramani, wameitunga.

Ila kwenye zile sehemu za watu kuteswa punguzeni utani kidogo, zile mi huwa nasogeza mbele.